Kibali cha Sabasaba

Ijumaa iliyopita, tarehe 4 Julai, katibu wa tawi letu alinitumia kwenye WhatsApp picha ya barua ya polisi. Tulikuwa tumewapelekea taarifa ya mkutano wa vijana wa kata: uwanja wa wazi, saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, Jumatatu tarehe 7 Julai, mada ni historia ya Sabasaba. Viti hamsini vya kukodi na spika moja. Majibu yalikuwa mistari minne. Kwamba siku hiyo kuna shughuli za Maonyesho ya Sabasaba, askari wamepangiwa kazi nyingine, hivyo kibali hakitatolewa. Chini ya picha katibu akaandika: "Dada mwanasheria, tunafanyaje?"

Mimi bado si mwanasheria. Niko mwaka wa tatu na nina sapu moja nadaiwa. Lakini barua hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko notisi zangu za sheria ya mikataba, na kilichoniuma hata si kukataliwa, maana kukataliwa tumezoea. Kilichoniuma ni tarehe. Kuna mtu ofisini alikaa, akachukua kalamu, akawazuia vijana kukutana tarehe 7 Julai, ndani ya Tanzania, na wala hakushtuka.

Tusimlaumu sana. Sisi wenyewe Sabasaba tunaijua kwa foleni ya Barabara ya Kilwa, koni za watoto, banda la Magereza lenye samani nzuri kuliko za dukani, na mjomba kutoka mkoani anayefikia kwenu "kwa ajili ya maonyesho". Ukimuuliza kijana wa miaka kumi na minane Sabasaba ni nini, atakwambia ni maonyesho ya biashara. Hajakosea. Ila ni kama kumuuliza mtu Krismasi ni nini akakujibu ni pilau.

Tarehe 7 Julai 1954 ilikuwa Jumatano. Katika ofisi ya TAA, mtaa wa New Street, Dar es Salaam, huo ambao leo tunauita Lumumba, walikutana watu 17 wakakibadili chama chao kuwa TANU. Rais wake alikuwa mwalimu wa shule ya Pugu, Julius Nyerere. Hao 17 wote walikuwa wanaume, na hilo nalisema kila nikiona ile orodha yao, mtanivumilia. Mwanamke aliyekuja kukijaza chama wanachama, nyumba kwa nyumba, ngoma kwa ngoma, ni Bibi Titi Mohamed, naye tutarudi kwake hapa chini.

Watu 17 ndani ya chumba. Leo tukikutana watu 17 tunapiga picha tunasema "kikao cha ndani kimefana", halafu mtu anakuja kwenye komenti kutucheka kwamba hatufikii hata daladala moja.

Sasa hapa ndipo mwanafunzi wa sheria anapoanza kukaa vizuri kwenye kiti. Mwaka uliotangulia serikali ya kikoloni ilikuwa imetoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Fikiria maana yake kwa nchi ambayo karibu kila Mwafrika aliyesoma alikuwa karani, mwalimu au tabibu wa serikali. Kwa waraka mmoja unakinyima chama watu wake wa kushika kalamu. Nyerere aliponea kwa kuwa Pugu ilikuwa shule ya misheni, na mwaka 1955 naye ikabidi achague, akaacha ualimu. Halafu 1954 yenyewe ikaja sheria ya vyama, iliyotaka vyama visajiliwe, tena tawi kwa tawi. Msajili akiona tawi fulani halimpendezi, tawi linakufa kwenye makaratasi. Usukumani kote TANU haikuruhusiwa kufanya kazi kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Miaka minne! Mapema 1957 Nyerere akapigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 akashtakiwa kwa kashfa ya jinai, kosa lake likiwa maneno aliyoandika kwenye jarida la Sauti ya TANU kuhusu wakuu wa wilaya wawili. Mahakama ikamtia hatiani: faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Faini ikalipwa.

Rudia kusoma hiyo aya ukiwa umefuta jina la Nyerere na miaka. Waraka kwa watumishi wa umma, msajili, marufuku ya mikutano, kesi kwa sababu ya maandishi. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nimefungua ukurasa wa habari za juzi.

Hao ndio wenye Sabasaba. Chama kilichozaliwa siku hiyo kilitumia miaka yake ya mwanzo kuomba, kukataliwa, kuomba tena, na kukutana hata kilipokataliwa. Kwa hiyo barua ya polisi inaposema Sabasaba ni siku ya maonyesho na haina nafasi ya mkutano, inasema jambo ambalo wenye siku wangelishangaa.

Lakini tusidanganyane, historia hii haina malaika. Chama hicho hicho kilipoingia ikulu kilijifunza haraka sana. Mwaka 1962, uhuru haujatimiza hata mwaka, Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Na Julai 1965, miaka 11 tu tangu wale 17 wakutane New Street, Katiba ya Muda ikaifanya TANU kuwa chama pekee kinachoruhusiwa Tanzania Bara, na ASP Zanzibar. Waliohangaika kusajili matawi wakafuta kabisa swali la usajili: hakuna chama kingine cha kusajiliwa. Bibi Titi, yule yule wa nyumba kwa nyumba, alikamatwa 1969, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha 1972. Leo ana barabara Dar es Salaam, na tunaipita kila siku tukienda Posta.

Naandika haya Julai 2025, huku Tundu Lissu akiwa rumande kwa kesi ya uhaini. Neno ni lile lile. Sina ruhusa ya kuizungumzia kesi iliyoko mahakamani na wala sitaki kuizungumzia. Nataka tu kijana anayesema "uhaini" kwa mdomo mwepesi ajue hilo neno limeshawahi kuwekwa juu ya nani.

Twende Kenya. Wao wanaiandika kwa maneno mawili, Saba Saba, na ukiwatajia hawafikirii koni.

Kenya nayo ilipita njia ya kwetu. Mwaka 1982 Bunge liliingiza kwenye Katiba kifungu cha 2A, kifupi kuliko ujumbe wa benki wa kukatwa makato: chama cha siasa ni kimoja tu, KANU. Tarehe 3 Mei 1990 Kenneth Matiba, aliyekuwa waziri, na Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, waliita waandishi wa habari wakataka kifungu hicho kiondoke na vyama vingi virudi. Wakatangaza mkutano viwanja vya Kamukunji, Jumamosi tarehe 7 Julai. Serikali ya Moi ikasema hakuna mkutano. Tarehe 4 Julai, siku tatu kabla, Matiba na Rubia wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi. Raila Odinga akafuatia. Wanasheria waliowatetea na wahariri walioandika nao wakakamatwa. Wakili Gibson Kamau Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani akapata hifadhi.

Wenye mkutano wote ndani. Kibali hakuna. Watu wakaenda. Polisi wakapiga, ghasia zikatoka Kamukunji zikasambaa Nairobi na miji ya jirani kwa siku kadhaa, na waliokufa hawakupungua 20. Kwa siku ile Moi alishinda. Ila Desemba 1991, miezi 17 baadaye, kifungu cha 2A kikafutwa.

Matiba hakuipata vizuri hiyo miezi 17. Akiwa kizuizini alipata kiharusi, na hakupona kabisa mpaka alipofariki Aprili 2018. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua alipwe fidia ya shilingi milioni 504 za Kenya kwa aliyotendewa. Darasani tunafundishwa kuziita hukumu za namna hii ushindi, na kwa mtu anayefanya mtihani ni ushindi kweli. Mimi nikifikiria miaka 26 kati ya kiharusi na hukumu, nashindwa kulitumia hilo neno.

Kuna jambo la mwaka huo huo wa 1990 ambalo vijana wa Tanzania hatulisimulii vya kutosha. Wakati Moi anaandaa virungu, mapema mwaka ule Mwalimu mwenyewe, yule wa Sabasaba ya kwanza, alisimama akasema mjadala wa vyama vingi uruhusiwe. Ikaundwa Tume ya Jaji Nyalali. Tume ikakuta kiasi cha asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza vyama vingi, na ikaorodhesha sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Julai 1992 mfumo ukaanza. Hatukumwaga damu kuupata, na hilo ni jambo la kushukuru, nasema bila kejeli. Lakini mlango uliofunguliwa kutoka ndani una tatizo lake: aliyeufungua anabaki na funguo. Mikutano ya hadhara ilizuiwa 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023 kwa tamko la Rais. Ilizuiwa kwa mdomo, ikaruhusiwa kwa mdomo, na kwa miaka yote hiyo Ibara ya 20 ya Katiba ilikuwa pale pale kwenye ukurasa wake.

Kuna 7 Julai ya tatu, na hii haina picha ya kutrendi kabisa. Tarehe 7 Julai 2000 Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kufanya kazi, ukiwa umesainiwa Arusha Novemba 1999. Jumuiya ya kwanza ilikufa 1977, na hii ya pili ilipozaliwa Kenya, Uganda na Tanzania ziliandika kwenye Ibara ya 6(d) kwamba misingi yake ni pamoja na utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Sijui kama kuna aliyeitazama kalenda siku ile akawaza New Street na Kamukunji. Lakini kisheria, siku hiyo ndiyo ilitupa kitu ambacho 1954 haikuwa nacho wala 1990 haikuwa nacho: mahali pa kulalamika nje ya nchi yako, pasipo kwenda London wala kujificha ubalozini. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuipeleka serikali yake Mahakama ya Afrika Mashariki, hapo hapo Arusha, kwa sheria, amri au kitendo kinachovunja Mkataba.

Wapo waliokwenda. Viongozi wa vyama tofauti vya upinzani, wakiwemo Freeman Mbowe na Zitto Kabwe, pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walipinga marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Vyama vya Siasa, na Machi 2022 mahakama ikasema vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba. Miaka mitatu kabla ya hapo Baraza la Habari Tanzania nalo lilishinda kuhusu Sheria ya Huduma za Habari. Najua utauliza: na vikabadilika? Polepole, nusu nusu, vingine bado. Mahakama ile haina polisi. Lakini hukumu ipo, imeandikwa, na serikali yoyote itakayokuja itaikuta mezani.

Na Jumuiya hiyo hiyo ya ndugu ndiyo mwezi Mei 2025 Martha Karua alifika uwanja wa ndege Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Lissu akarudishwa, na Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, Willy Mutunga, akazuiwa kesho yake. Boniface Mwangi na Agather Atuhaire waliingia, wakakamatwa, wakaja kuachwa mpakani siku kadhaa baadaye, na wote wawili wamesema waliteswa. Halafu tarehe 7 Julai tunaambiwa pia ni Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO ilipitisha 2021, kwa sababu TANU ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kudai uhuru. Nimefurahi. Ningefurahi zaidi kama ningekuwa sisomi sheria ya polisi ya nchi yangu kwa Kiingereza ili nimweleze katibu wa tawi kwa Kiswahili kwa nini barua aliyopewa ina kasoro.

Maana ina kasoro. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi kinamtaka anayeitisha mkutano atoe taarifa kwa polisi, saa 48 kabla. Taarifa. Sisi tulitoa siku tisa kabla. Afisa anaweza kuuzuia akiona amani au usalama utavunjika, na hapo anatakiwa awe na sababu ya aina hiyo. "Tuna kazi nyingine" haimo. Neno "kibali" limeingia kwenye midomo yetu sote mpaka sisi wenyewe tunaandika barua za "kuomba kibali", na hapo nawalaumu makatibu wetu wa matawi bila kupepesa macho. Acheni kuomba kitu ambacho sheria haikusema mkiombe. Ukishaomba, umeshakubali kwamba mwenzako anaweza kukataa.

Jumatatu yenyewe basi ikafika. Mkutano haukufanyika. Nilikaa chumbani natazama Nairobi kwenye simu kwa VPN, maana X kwetu ilikuwa imefungwa tangu Mei. Miaka 35 kamili tangu Kamukunji. Polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya jiji tangu alfajiri, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, wengine wakarudishwa. Kufikia Jumanne Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu waliouawa 31. Mmoja ni mtoto wa miaka 12 wa Kiambu. Hakuwa kwenye maandamano. Risasi ilimkuta nyumbani kwao.

Kuna kijana wa kundi letu aliandika usiku ule, "Wakenya wanaume kweli, sisi tunakula koni." Ameshapata majibu yake kwenye kundi na sitamtaja. Namjibu hapa kwa sababu najua si yeye peke yake. Kwanza, waliobebwa kwenye machela siku ile wapo na wanawake. Pili, sitamwandikia mdogo wangu yeyote kwamba thamani yake kisiasa inapimwa kwa ukaribu wake na risasi. Aliyesababisha vifo 31 ni aliyefyatua na aliyeamuru, na kuifanya ile siku iwe kipimo cha uanaume ni kumwondolea lawama. Wale 17 wa New Street hawakupigwa risasi na wala hawakuwa waoga. Matiba hakufika Kamukunji kabisa, alikuwa ndani.

Ila naye yule kijana ana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa: sisi tulipopata mistari minne tulitawanyika. Hatukuandika hata barua ya kujibu. Mwenyekiti wa tawi alisema, "Tuache, mwaka wa uchaguzi huu, wasije wakatuonea." Kila mwaka ni mwaka wa kitu fulani.

Kwa hiyo nimeandika rasimu mbili. Ya kwanza ni barua kwa polisi, ukurasa mmoja, ikieleza kifungu cha 43 na kutoa taarifa, nasisitiza taarifa, ya mkutano ule ule, mada ile ile, Jumamosi tarehe 26 Julai. Maonyesho yatakuwa yamekwisha, askari watakuwa wamepumzika. Ya pili ni ya idara ya sheria ya chama makao makuu, nikiomba waangalie kama barua tuliyopewa, pamoja na zile za kata nyingine tatu ninazozijua, zinatosha kwenda Arusha. Ibara ya 30 ina masharti yake, na kali kuliko yote ni muda: miezi miwili tu tangu uamuzi utolewe au uufahamu. Wengi wamefukuzwa mlangoni kwa hilo peke yake. Barua yetu ni ya tarehe 4 Julai. Hesabu mwenyewe.

Kama tawi lenu nalo lilipewa barua ya namna hii kwa ajili ya Sabasaba, piga picha pande zote mbili, muhuri na tarehe vionekane, na uandike pembeni nani aliipokea na siku gani. Usiitupe kwenye status. Mpe katibu wa vijana wa wilaya aifikishe kwangu kabla ya tarehe 20, kwa sababu tarehe 21 ninaanza kusomea ile sapu.